Orodha ya majina au mlango wazi? Kuandikisha walioguswa na Septemba 11

Minara ya New York ilipoanguka mwaka 2001, jiji lilitaka kufuatilia kwa miaka mingi afya ya watu waliovuta lile vumbi. Uandikishaji ulianza Septemba 2003, na hadi Novemba 2004 watu zaidi ya 71,000 walikuwa wameingia. Waliingia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni orodha. Mwajiri anatoa majina, mtafiti anapiga simu. Hapo unajua umewaita wangapi na wangapi wamekataa, kwa hiyo pengo linakadirika. Kwa waokoaji na wafanyakazi wa maofisini, safi kabisa. Kwa wakazi, taabu. Aliyejibana kwenye chumba cha mwenzake kusini mwa barabara ya Canal Street, upande wa minara, jina lake halimo kwenye mkataba wowote wa nyumba. Aliyehama kukimbia vumbi, simu yake ya nyumbani inaita hadi inakata.

Njia ya pili ni kujitokeza mwenyewe, na takriban asilimia 70 walikuja hivyo. Inawafikia wale ambao karatasi haziwajui. Ila anayekohoa usiku ndiye anayekumbuka kupiga simu. Mzima ana shughuli zake. Matokeo yake ugonjwa huweza kuonekana umeenea kuliko ulivyo, na hapo hata hesabu nzuri haikuokoi sana.

Kwa wakazi, mimi ningechukua mlango wazi, mradi kila jina liandikwe limeingia kwa njia ipi, ili makundi hayo mawili yachambuliwe kila moja peke yake.