Subaru yangu ilivyokuwa inakula tairi, na nilivyoishia kwenye Michelin Pilot Sport 4

Siku hiyo nilipita kwa fundi pancha wangu wa Tegeta kujaza upepo tu, niendelee na safari. Mzee akainama, akapitisha kiganja nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, upande ule ambao ukisimama nje ya gari huuoni kabisa. Alipotoa mkono, kidole kilikuwa kinavuja damu. Waya ulishatokeza nje ya mpira.

"Mwanangu, gari lako linakula tairi kwa ndani," akasema huku akikinyonya kidole. "Huku nje unajiona una meno, kule ndani ni kipara. Hizi hata katambuga hazifai."

Tairi zile zilikuwa na kilomita 9,000. Elfu tisa! Jirani yangu mwenye Toyota IST anamaliza elfu arobaini na tairi za kawaida tu, wala hajui alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu, ni mnyama gani.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya 2006, tairi 235/45 R17 mbele na nyuma. Mimi si mtu wa kuchora nane barabarani. Siku za kazi ni Tegeta hadi Posta na foleni zake, na mara mojamoja naelekea Morogoro au Iringa, ambako kona za Kitonga ndizo zinanikumbusha kwa nini nilinunua gari la aina hii. Kwa hiyo kila niliyemlalamikia alipocheka na kuniambia "punguza mguu kaka," niliudhika, kwa sababu mguu haukuwa tatizo.

Nilianza kwa kufanya kile ambacho kila mwenye haraka hufanya: nikataka kununua mbili mpya za mbele, za nyuma zibaki. Mzee wa pancha akanikatalia, na nashukuru alinikatalia. Subaru hii inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kila milimita moja ya meno inayolika inapunguza mzingo wa tairi kwa milimita sita na kitu. Ukifunga mpya mbele huku za nyuma zimeshalika milimita tano, mzingo unapishana sentimita tatu, na ile difu inahangaika safari nzima hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka kama ya Mikumi. Wenyewe Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani meno yasipishane zaidi ya milimita moja hivi. Ukiwa na gari la aina hii, tairi unanunua nne au unasubiri hadi hela ya nne itimie.

Hela ya nne mpya haikuwepo, nikaenda kwenye mtumba. Nilipata nne zinazofanana zilizotoka Japani, meno yamejaa, bei inacheka. Sikusoma ubavuni. Pale kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa, na zangu zilisomeka 1114, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mwaka nilionunua ulikuwa 2023. Kwa kudumu, zilidumu: miezi mingi ilipita meno yapo palepale, nikawa nazisifia. Mpira uliokauka haulikiki haraka, ndiyo, lakini pia haushiki. Masika yalipofika, nikiwa pale Mwenge, taa ikawaka nyekundu, nikakanyaga breki. Breki za Brembo zilikamata kama kawaida yake, ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande, ikanguruma chini ya mguu, na gari likaendelea kuteleza taratibu kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu ya vigae. Nilisimama ikiwa imebaki shubiri moja kati ya bampa langu na mgongo wa daladala. Konda alishuka, akaangalia nafasi ile, akaniangalia mimi, akarudi ndani bila kusema neno.

Tangu hapo nikisikia mtu anasifia tairi kwamba "haiishi," namuuliza kwanza ni ya mwaka gani.

Sasa nije kwenye alaimenti, maana hapa ndipo nilipopoteza pesa nyingi zaidi. Kabla ya yote haya nilishafanyiwa mara mbili kwenye gereji moja ya mjini, na mara zote mbili nilipewa risiti bila karatasi ya vipimo. Usukani ulinyooka, nikaridhika. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba usukani unaweza kunyooka huku magurudumu yote mawili ya mbele yametazama nje kwa kiasi kilekile, kila moja likivuta upande wake.

Sehemu ya tatu niliyokwenda, fundi hakuigusa kompyuta kwanza. Alipandisha gari, akashika gurudumu saa tatu na saa tisa, akalitikisa. Tairodi endi ya kushoto, kile kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu, ilikuwa inacheza. Bushi, yaani mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, zilikuwa zimepasuka. Akaniambia kupima alaimenti kwenye vyuma vilivyolegea ni kama kupima kitambaa juu ya mtoto anayeruka, ukimaliza hakuna kipimo. Tulibadilisha kwanza hivyo, ndipo tukapima, na safari hii karatasi ikatoka. Mbele kushoto: kemba, yaani mlalo wa gurudumu kichwa kikiingia ndani, digrii 2.4. Ncha ya mbele imetazama nje nusu digrii.

Nusu digrii inasikika kama si kitu. Nilipofika nyumbani nikachukua kikokotoo. Gurudumu lililopinda nusu digrii, katika kila kilomita moja linaburuzwa ubavu karibu mita tisa. Kwa kilomita 9,000 ni karibu kilomita 80 za kuburuzwa kwenye lami, umbali wa Dar hadi Bagamoyo na chenji inabaki. Tairi gani itahimili hilo? Kule kulala kwa gurudumu peke yake kunakula tairi taratibu. Kinachochinja tairi ni ile ncha iliyotazama pembeni, na vikikutana vyote viwili, upande wa ndani ndio unaolipa deni lote.

Dalili ilikuwepo tangu mwanzo, kama ningejua kuipapasa. Pitisha kiganja juu ya meno kuelekea ndani, kisha kirudishe kuelekea nje. Njia moja ikiwa laini na nyingine inakwaruza kama msumeno, tayari kuna shida, hata kama kwa macho tairi ni nzima. Papasa kwa uangalifu lakini, usije ukakutana na waya kama mzee wangu.

Chanzo kikubwa kilikuwa springi fupi. Aliyekuwa na gari kabla yangu alilishusha, na gari likishuka vipimo vyote vinahama: gurudumu linalala zaidi, ncha zinageuka. Likapendeza, sikatai, lakini na matuta ya njia zetu lilikuwa pia linakwangua tumbo kila asubuhi. Nilizunguka Shauri Moyo siku mbili hadi nikapata springi za urefu wa kiwandani. Mbele, shokapu za gari hili zina bolti ya juu inayozungushwa kurekebisha kemba, tukaiweka digrii moja kila upande na ncha sifuri. Kazi yote ya kupima na kurekebisha ilinigharimu chini ya nusu ya bei ya tairi moja mpya. Nilikuwa nanunua tairi kutibu ugonjwa wa vyuma.

Baada ya hapo ndipo nikajiona nina haki ya kununua tairi nzuri.

Ubavuni mwa tairi nyingi utakuta neno TREADWEAR na namba. Ni kipimo cha Marekani: tairi yenye 300 inatarajiwa kulika taratibu mara tatu ya tairi ya kulinganishia yenye 100, kwenye njia maalumu ya majaribio huko Texas. Tatizo ni kwamba kila kiwanda kinajipangia namba yake, kwa hiyo inafaa kulinganisha tairi za kampuni moja kuliko za kampuni tofauti. Hata hivyo inakupa mwanga. STI za enzi hizi zilizouzwa Marekani zilitoka kiwandani na Bridgestone Potenza RE070, namba 140. Ile ni tairi ya kushika kona, haikutengenezwa kwa mtu wa foleni ya Mwenge. Upande wa pili, binamu yangu aliyeko Minneapolis alinisisitiza nitafute Continental ExtremeContact DWS 06 Plus, namba 560. Sasa ile S ya mwisho kwenye DWS ni ya theluji. Kwa Dar es Salaam nilipie theluji ya nini?

Nilichotaka ni tairi ya katikati: ishike maji ya masika, ihimili joto la lami la Januari, na isiniishie kabla ya mwaka. Michelin Pilot Sport 4 ina 320. Kwa bei, moja ilikuwa karibu mara tatu ya zile za bei rahisi zilizokuwepo dukani, na nilisubiri wiki tatu kwa sababu walikuwa nazo mbili tu za saizi yangu. Zilipofika nilisoma tarehe kabla ya kutoa hela: zote nne za mwaka uleule.

Leo zina kilomita 24,000. Siku ya kufunga nilipima meno, milimita 7.6. Wiki iliyopita mbele zilikuwa 4.2 nje na 4.0 ndani. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini mimi kwa mvua zetu nazitoa zikifika 3, ambayo kwa mwendo huu itakuwa kwenye elfu thelathini na mbili hivi. Kwenye maji ndipo nilipopenda zaidi: mvua ya Aprili, Barabara ya Bagamoyo imejaa, usukani haukuwa mwepesi mkononi hata mara moja. Ubavu una ukingo unaotokeza kulinda rimu, na umeshaniokoa kwenye kingo za maegesho ya Posta zaidi ya mara mbili. Kelele ni za kawaida kwa tairi pana; mke wangu anasema bado gari linaunguruma, nami namwambia huo ni mlio wa injini.

Kila kilomita 10,000 nazizungusha. Kwa sababu zina upande wa nje na wa ndani ila hazina mwelekeo, zinaweza kuvukishwa kutoka kulia kwenda kushoto bila kung'olewa kwenye rimu. Upepo napima asubuhi tairi zikiwa za baridi, nafuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukiacha uamuzi kwa fundi wa barabarani utajaziwa PSI 40 kwa nia njema, na katikati ya tairi kutaanza kuisha.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba Michelin ndiyo iliyotoa 9,000 ikaleta 24,000. Nadhani zile za kwanza nazo zingefika elfu ishirini kama vyuma vingekuwa sawa. Nilicholipia zaidi ni zile breki za mvua, na kwa hilo ningelipa tena.

Nyuma kulia bado upande wa ndani unatangulia kulika kwa nusu milimita. Kemba ya nyuma kwenye gari hili haina marekebisho ya kiwandani, kwa hiyo nimeagiza mikono ya nyuma ya gurudumu ambayo urefu wake unarekebishika. Ikifika, narudi kwa yule fundi wa tatu, na karatasi nyingine itatoka.