Ekinasia fupi za bustani ya nyuki: chungulia katikati ya ua kabla hujalipa

Mwaka jana nilinunua miche mitatu ya ekinasia fupi kwa sababu ya lebo: picha ya kipepeo, na maneno kwamba ua hili linapendwa na nyuki. Yalipochanua yalikuwa maua mazuri mno, petali zimejazana hadi katikati kama pompomu. Nyuki walitua, wakapapasapapasa juu, wakaruka kwenda kwenye mrehani. Msimu mzima ulikwisha hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu kutazama urefu na rangi tu. Petali za pembeni za ekinasia ni za kuwaita wadudu. Chakula kiko kwenye kile kichwa chenye vimiiba, ambacho ni mamia ya maua madogo yaliyobanana. Yanafunguka kuanzia ukingoni kwenda ndani. Inama asubuhi utaona pete nyembamba ya chavua ya njano, na kila siku pete hiyo imesogea kidogo kuelekea katikati, nyuki akiifuata kwa kuzunguka. Kwenye ua la petali rundo, maua hayo madogo yamegeuzwa petali. Pete huioni. Bustani ya Mt. Cuba Center, jimbo la Delaware nchini Marekani, ilizijaribu ekinasia za aina nyingi kuanzia 2018 hadi 2020, na zile za petali rundo wadudu hawakuzijali sana.

Basi chaguo langu la kwanza ni PowWow Wild Berry, na siwezi kuficha mapenzi yangu kwake. Sentimita 50 hadi 60, waridi iliyokolea, kichwa wazi kabisa. Inatoa matawi tangu chini, kwa hiyo maua yanapokezana bila wewe kukata yaliyonyauka. Ukiisia mapema, mbegu yake inaweza kuchanua mwaka huohuo. Ilipata tuzo ya All-America Selections, tuzo ya Marekani ya aina mpya za mimea ya bustani, mwaka 2010, na kwangu ilistahili.

Ya pili ni Kim's Knee High. Petali zake zinainama chini, kichwa kinabaki juu kama meza iliyoandaliwa. Ya tatu Cheyenne Spirit, mshindi wa tuzo hiyohiyo mwaka 2013: inastahimili ukame, ila mbegu zake ni mchanganyiko wa nyekundu, chungwa, njano na krimu, huchagui, na inaweza kufika sentimita 75.

Pakiti za bei nafuu zilizoandikwa "ekinasia" tu, nyuki watazifurahia, lakini zinaweza kupita mita moja. Si fupi hizo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ua lisilolisha nyuki linauzwa ghali kuliko linalowalisha, tena kwa picha ya kipepeo! Halafu kuna dawa. Neonikotinoidi, dawa za kuua wadudu, hunyonywa na mmea mzima hadi kwenye chavua na nekta, kwa hiyo hata ua la kichwa wazi linaweza kumdhuru nyuki uliyemwalika. Nilimuuliza muuzaji kama miche yake imewekewa dawa hiyo, akanijibu kwamba wateja wengine hawaulizi maswali hayo. Niliirudisha miche kwenye meza yake. Sasa nanunua mbegu, nasia mwenyewe, na mche wa dukani naulipia ukiwa tayari na ua moja lililofunguka, nikishaiona ile pete.