Football Manager 2024: wachezaji wakali, mwenyekiti mpole mno

Gemu hii ya ukocha wa soka inajinadi kwamba utaishi maisha ya kocha yote, hata siku ya kumwaga unga. Basi ipimwe kwa Brian Clough, kocha wa Kiingereza. Julai 30, 1974 alikabidhiwa Leeds United, mabingwa wa Uingereza. Septemba 12 mwenyekiti Manny Cussins na bodi yake wakamtimua. Siku 44, mechi sita za ligi, ushindi mmoja.

Upande wa wachezaji, gemu inaujua msukosuko huo vizuri. Fungua ukurasa wa Dynamics uone nani anasikilizwa kambini: juu kabisa viongozi wa timu, chini yao wenye ushawishi, kisha waliobaki. Mtoze faini kiongozi mmoja kwa kosa dogo, na wenzake wa karibu watakuja ofisini kumtetea. Ukiwajibu kwa ukali, morali inaporomoka kikosi kizima, pasi zinaanza kupotea, na mechi ulizozihesabu kuwa zako unatoka sare. Clough inasimuliwa aliwaambia vijana wa Don Revie, kocha aliyemtangulia, watupe medali zao kwa kuwa hawakuzipata kwa haki. Muda si mrefu nahodha Billy Bremner akala kadi nyekundu kwenye Ngao ya Hisani pale Wembley, akafungiwa mechi nyingi. Kikosi chenyewe hakikuwa kibovu: chini ya Jimmy Armfield, kocha aliyemrithi, msimu huohuo, kilifika fainali ya Kombe la Ulaya 1975. Kwa hiyo ukirithi timu ya mabingwa, usiwaguse wale watatu wanne wa juu mpaka uwe na wako ndani ya kundi hilo.

Kwa mwenyekiti ndipo gemu inapolegea. Bodi inakupima kwa Club Vision, yaani orodha ya matakwa: nafasi kwenye ligi, aina ya soka, vijana wa akademia. Matakwa hayo hujadiliwa kabla ya kusaini, na wengi wanabofya kukubali bila kusoma, kisha wanalia Desemba. Kataa hapo mwanzo usiloliweza.

Ukiomba kitu, tuseme uwanja wa mazoezi au bajeti zaidi, na bodi ikagoma, unaweza kutoa hoja, na mwisho kabisa kutishia kuondoka. Sevu kwanza. Kule Derby County, klabu aliyoifundisha Clough kabla ya Leeds, mwenyekiti Sam Longson alichoshwa na maneno ya Clough runingani na magazetini, akataka ayaache. Oktoba 1973 Clough na msaidizi wake Peter Taylor wakajiuzulu, na bodi ikapokea barua zao, ijapokuwa ubingwa wa 1972 wao ndio waliouleta. Kitisho cha kwenye gemu kinaweza kuishia vivyo hivyo.

Lakini chanzo cha ugomvi wenyewe, yaani kocha anayesema ovyo hadharani, hakimo. Unayosema kwa wanahabari yanawafikia wachezaji na makocha wapinzani. Mwenyekiti ni kama hana redio. Tena ana subira: ukianza vibaya anakuita kikaoni, unaahidi pointi kadhaa katika mechi zijazo, unaendelea na kazi. Cussins hakufanya hivyo. Anayetaka moto afungue programu ya kuhariri data kabla ya kuanza, amtafute mwenyekiti, ashushe subira hadi 1 na kupandisha uingiliaji wa kazi ya kocha hadi 20. Hapo utaanza kupokea ujumbe kwamba mshambuliaji wako ameshakubaliwa kuuzwa.

Kwa wanaocheza gemu hii Mombasa, laptopu ya RAM GB 4 inatosha, na diski iwe na nafasi ya GB 7, ila chagua database (hazina ya wachezaji wa gemu) ndogo na ligi za nchi moja tu. Kuchakata siku za mchezo kunaichosha prosesa, na joto la kaskazi linamalizia kazi: mashine ikae mezani mbele ya feni, si kitandani, na mechi zitazamwe kwa 2D, yaani picha bapa za kutoka juu. Weka kusevu kwa mzunguko wa faili tatu. Stima ikikatika faili likiandikwa, na betri yako imekufa, faili hilo limekwenda. Mengine mawili yanabaki.

Mashabiki wa Bandari, klabu ya Mombasa, wajue mapema: Afrika nzima ni ligi ya Afrika Kusini tu inayochezeka. Ligi ya Kenya inahitaji faili la mashabiki, lenye mwisho wa .fmf, liwekwe kwenye folda ya editor data kabla ya kuanzisha mchezo mpya. Mchezo wa zamani hautalisoma. Ubora wa mafaili hayo unategemea mtengenezaji, na majina ya vikosi huwa yamepitwa na wakati.

Toleo la simu lilitolewa kupitia Netflix, na limepunguzwa mno kwa anayefuata siasa za klabu. La kompyuta tunalipatia alama saba kwa kumi. Tatu zilizokatwa ni za mwenyekiti.