Huduma ya dawa baada ya kutoka hospitali England: inafaa, mradi jina lako limetumwa

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini hupewa mfuko wa dawa, barua na maelezo ya haraka. Maswali huja nyumbani, dawa mpya zinapokutana kabatini na za zamani. Kipindi hicho ndicho kinachoshughulikiwa na Discharge Medicines Service ya NHS (huduma ya afya ya taifa), iliyoanza Februari 2021. Kila duka la dawa lenye mkataba na NHS England linawajibika kuitoa, na ushauri ni bure, paundi 9.90 kwa kila dawa hulipwa kwa ajili ya dawa yenyewe, na wenye miaka 60 na kuendelea hawatozwi.

Hospitali hulitumia duka taarifa kwa kompyuta: dawa zipi zimeanzishwa, zipi zimesimamishwa, dozi gani imebadilika na kwa nini. Mfamasia huilinganisha na kumbukumbu zake, na palipo na utata huuliza hospitali au GP (daktari wako wa kawaida wa mtaani). Cheti cha kwanza cha dawa kutoka kwa GP kikifika, hukikagua tena. Mwisho huzungumza na mgonjwa au anayemuuguza, katika chumba cha faragha au kwa simu.

Kwa maoni yetu, ukaguzi wa cheti cha kwanza ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Makosa mengi hutokana na orodha ya dawa za kila mwezi kwa GP ambayo haijarekebishwa. Ramipril, dawa ya presha, iliyosimamishwa kwa sababu figo zimeathirika hurudi kwenye mfuko wa mwezi unaofuata. Mgonjwa aliyehamishwa kutoka warfarin kwenda apixaban, zote dawa za kuzuia damu kuganda, anaweza kujikuta anameza zote mbili, na hapo hatari ya kuvuja damu ni kubwa sana. Wengine humeza furosemide na Lasix pamoja bila kujua kwamba ni dawa ileile ya kuongeza mkojo, Lasix ikiwa jina lake la kibiashara.

Udhaifu mkubwa ni kwamba hospitali isipotuma taarifa, hakuna kinachoanza, na si kila mgonjwa hutumwa. Kabla ya kutoka, muulize mfamasia wa wodi kama umetumwa kwenye huduma hii, utaje jina la duka pamoja na mtaa wake, kwani kampuni moja huweza kuwa na matawi kadhaa mjini. Mzee anayekwenda kukaa kwa mwanawe mji mwingine ataje duka la huko.

Siku ya mazungumzo beba maboksi yote, hata ya zamani, pamoja na dawa za mitishamba na zile zilizoletwa kutoka nyumbani Afrika Mashariki. Mfamasia hawezi kuona mwingiliano na kitu asichokijua. Kiingereza kikiwa kigumu, omba mkalimani mapema, ni bure. Mtoto asitafsiri habari za dozi. Uliza kila dawa ni ya nini na itaisha lini. Aliyewekewa stenti ya moyo (kijibomba cha kuweka mshipa wazi), kwa mfano, mara nyingi hutumia clopidogrel, ya kuzuia damu kuganda, kwa miezi 12, na omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, hupunguza nguvu yake, kwa hiyo aulize kuhusu dawa nyingine ya tumbo. Prednisolone, dawa ya aina ya steroidi, iliyotumika zaidi ya wiki 3 haikatishwi ghafla.

Swali kuhusu sababu ya uamuzi wa daktari wa wodi lipeleke kwenye simu ya dawa ya hospitali yenyewe, ambayo hospitali nyingi huiandika kwenye barua. Kwa kawaida hupokelewa saa za kazi tu. Usiku piga 111, simu ya ushauri ya NHS. Damu isiyokoma, koo kuvimba au maumivu ya kifua ni 999, simu ya dharura, papo hapo.

Dawa mpya ikiwa ya presha, pumu au kisukari cha aina ya 2, omba pia New Medicine Service, huduma ya kumfuatilia anayeanza dawa mpya, katika duka hilohilo. Mfamasia atakuuliza hali yako siku 7 hadi 14 baada ya kuanza, kisha tena baada ya siku nyingine 14 hadi 21. Ni wakati mzuri wa kusema kuhusu kikohozi kikavu cha ramipril au kuharisha kwa metformin, kabla hujaacha dawa kimyakimya.