Mahali pa Kuweka Akiba kwa Mwenye Kipato Kidogo: Mpangilio wa Kuchagua

Kila taasisi inayomhimiza muuza mboga au dereva wa bodaboda aweke akiba humtoza kitu, iwe ni ada, muda wa kukaa mikutanoni au uhuru wa kuzitoa fedha zake, na kwa hiyo inafaa achague kwa uangalifu ule ule anaotumia kununua bidhaa. Mpangilio huu unahusu Tanzania, ambako Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne.

Nafasi ya kwanza naipa kikundi cha hisa cha mtaani. Wanachama hukutana kila wiki, na kila mmoja hununua hisa moja hadi tano kwa bei waliyokubaliana wenyewe. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kutiwa katika sanduku la kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Baada ya mzunguko wa takriban mwaka mmoja, akiba hugawanywa pamoja na faida ya mikopo, na vikundi vyenye busara hupanga mgawo huo uangukie wakati wa ada za shule au wa kununua pembejeo. Anayejua kwamba wenzake watamwuliza kwa nini hakununua hisa hujitahidi kuliko anayeahidiwa riba ndogo. Hatari kubwa hujitokeza mzunguko unapokaribia kwisha, sanduku likiwa limejaa. Hivyo hakikisha kikundi kimesajiliwa, kina katiba, na ziada yake hupelekwa benki.

Nafasi ya pili ni akaunti ya benki. Nauli na foleni huwakatisha wengi tamaa, ingawa mawakala wamepunguza adha hiyo, lakini amana zake hukingwa na Bodi ya Bima ya Amana, ambayo tangu mwaka 2023 hulipa hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja endapo benki itafilisika.

SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, inafuata, na humfaa hasa anayetarajia kukopa, kwa kuwa kiwango cha mkopo hutegemea akiba yake. Akiba ya simu, kama M-Pawa, ni rahisi kuweka na rahisi vilevile kutoa, jambo linalopunguza faida yake kwa mwenye mahitaji ya kila siku.

Nafasi ya mwisho ni akiba ya lazima inayokatwa na mkopeshaji. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha tu, hawaruhusiwi kupokea amana za umma. Tena, ukikopa shilingi 500,000 na 50,000 zikazuiwa, unapokea 450,000 huku riba ikihesabiwa juu ya 500,000 yote. Kabla ya kutia saini, omba kuiona leseni, na udai iandikwe katika mkataba ni lini fedha zilizozuiwa zitarudishwa.