Kutia gati angani: chombo kijifunge chenyewe au kinyakuliwe kwa mkono wa roboti?

Wanafunzi wa uhandisi Nairobi hubishana sana hapa. Crew Dragon, chombo cha SpaceX cha kubeba watu, hujisogeza yenyewe hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, ndoano zikabana; dharura ikizuka, wafanyakazi huondoka bila kusubiri mkono wa kituo. Lakini njia ya kupitia ni finyu, kama sentimita 80. Na hesabu ya mwendo ikikosewa ni kugongana: mwaka 1997 Progress, chombo cha mizigo cha Urusi, iligonga kituo cha anga cha Mir.

HTV, chombo cha mizigo cha Japani, ilisimama mita 10 chini ya kituo, Canadarm2, mkono wa roboti wa kituo, ukaidaka na kuipachika, boliti 16 za mota zikakaza. Mlango wa sentimita 127 kila upande: kabati zima la majaribio lilipita! Tatizo, kuibandua ni kazi ya saa nyingi.

Unabeba watu? Kijifunge chenyewe. Shehena pana isiyo na haraka, tumia mkono.