TanzLII: msaada mkubwa kwa mwenye ndugu mahakamani

Mdogo wangu ameshtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Hati ya mashtaka ilisema iliibwa Machi. Shahidi wa kwanza, ambaye ndiye mwenye pikipiki, akasema Mei. Namba ya usajili nayo ilipishana herufi moja na kadi iliyotolewa kama kielelezo. Mtaani kila mtu akatuambia hati ina kasoro, kwa hiyo kesi imekufa na kijana anarudi nyumbani. Mama akalishika neno hilo.

Wakili anayetusaidia bila malipo akanielekeza TanzLII, tovuti yenye hukumu za mahakama zetu. Hulipi chochote. Unatafuta kwa neno, unachuja kwa mahakama na mwaka, unapakua. Hukumu za Mahakama ya Rufani zina herufi TZCA, za Mahakama Kuu TZHC.

Nilichosoma kilivunja maneno ya mtaani. Kifungu cha sheria kikinukuliwa vibaya kwenye hati, lakini maelezo ya kosa yakamwelewesha mshtakiwa anadaiwa kufanya nini, Mahakama ya Rufani imesema kasoro hiyo inatibika kwa kifungu cha 388 cha Sura ya 20, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za vifungu ni za toleo la 2019). Hatari iko pale hati inaposema hili na mashahidi wakasema lile. Hapo mwendesha mashtaka anapaswa kuomba hati ibadilishwe chini ya kifungu cha 234. Akinyamaza, shtaka linaweza kuonekana halikuthibitishwa. Nimesoma rufaa iliyofaulu kwa sababu ya tarehe kutolingana.

Na akibadilisha? Mshtakiwa lazima asomewe shtaka upya na alijibu, tena ana haki ya kuomba mashahidi waliokwishatoa ushahidi waitwe tena. Kipande hiki ndicho kilichotufaa kuliko vyote. Kwetu hati ilibadilishwa baada ya shahidi wa pili. Mdogo wangu akasomewa upya, akakana, na wakili akaomba mwenye pikipiki arudi aulizwe kuhusu ile kadi. Hakimu akakubali. Kama tungekaa tunasubiri kesi ife yenyewe, nafasi ile ingetupita hivi hivi.

Kinachoniuma ni lugha. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nilizozihitaji karibu zote ni za Kiingereza kizito, na nilipotafuta kwa Kiswahili nilipata chache mno. Binti wa jirani, aliyemaliza kidato cha sita, alikaa nami tukasoma aya kwa aya. Mama yangu peke yake asingeambulia kitu, na wenye ndugu rumande wengi ni kama yeye.

Nyota nne kati ya tano. Mkiingia, angalieni mwaka wa hukumu kabla ya kuitegemea: za zamani zipo zilizofuta mwenendo mzima wa kesi kwa kifungu kukosewa tu, ila nyingi za karibuni zinauliza kwanza kama mshtakiwa alinyimwa haki. Kisha ipelekeni kwa wakili mkiwa mmeichapisha kwenye karatasi, na aya yenyewe mmeiwekea alama.